Kochi la Kinyozi na Mzaha Mpya

Kwenye karakana yetu kochi halitoki mpaka lichekewe. Si maneno ya kupamba, ndio utaratibu wa kazi. Kitambaa kikishapigiliwa, nyuzi zikakatwa, chaki ikafutwa, mteja anaitwa na kukalishwa katikati ya kochi lake, halafu shemeji yangu anasimama mbele yake na kumtolea mzaha. Mteja akicheka, anatikisika. Akitikisika, springi nazo zinatikisika, na ile iliyofungwa vibaya inalia. Ukimwambia mtu ajitikise kidogo ili usikilize, atajitikisa kwa aibu kama anayepimwa kiuno na fundi asiyemjua. Lakini anayecheka hana muda wa aibu, uzito wake wote unashuka.

Na mzaha lazima uwe mpya. Hapo shemeji alikuwa mkali kuliko kwenye vipimo. Alisema mzaha wa zamani unamfanya mtu atabasamu kwa adabu, na adabu haijawahi kutikisa springi. Kwa hiyo kila kochi lilitoka na mzaha wake, na mzaha uliokwishatumika haukurudi tena. Mimi nashona mito na kutengeneza vitambaa, cherehani yangu iko pembeni ya dirisha, nimeisikia yote. Ukinitajia kochi lolote tulilowahi kulivisha, nitakutajia mzaha uliolitoa mlangoni.

Wateja wanamwita Sponji, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya tumbo. Mimi ni mdogo wa mke wake, kwa hiyo ana haki ya kunichokoza na mimi nina haki ya kumrudishia, na wote wawili hatujawahi kuacha haki zetu zilale bure. Ananiita Sindano, eti nikishachoma naacha na uzi. Dada yangu, mke wake, ni mwalimu wa hesabu, na uso wake ni uso wa mtu anayesubiri wanafunzi wanyamaze. Shemeji hupenda kuwaambia watu kwamba alimwoa kwa sababu ndiye mteja pekee aliyekalia kochi lake akatulia tuli kama yuko kwenye mtihani, na mpaka leo hajui kama lile kochi lilikuwa zima.

Saratani ilimjia mara ya kwanza shingoni na kwapani. Ni ya tezi, madaktari wanaiita limfoma. Akatundikiwa dripu, nywele zikadondoka, tumbo likapungua mpaka wateja wakauliza tumembadilisha sponji lini. Ikaondoka. Akarudi kazini, tumbo nalo likarudi likiwa nyuma yake kidogo, tukadhani tumemalizana nayo.

Miezi michache baadaye makochi yakaanza kutoka na vituko. Kiti cha karani wa posta kilivishwa maua yakiwa miguu juu. Kisha likaja kochi la kinyozi. Kinyozi ni jirani yetu, ukuta wake na wetu ni mmoja, na alitaka kochi refu la kukalia wateja wanaosubiri. Alichagua kitambaa cha buluu chenye maua meupe makubwa kama sahani. Shemeji akalifunga miguu mitatu, akasimama pembeni, akauliza kwa nini sakafu imeinama.

Tulicheka, tukidhani ni mzaha. Lakini kesho yake akanigeukia akasema, "Samahani, shemeji, naomba mkasi."

Nikaacha kushona. Miaka yote niliyokaa kwenye cherehani ile, mkasi uliombwa kwa kuambiwa kwamba nimeukalia, au kwamba ulimi wangu unatosha lakini kitambaa hiki ni kigumu. Samahani sikuwahi kuisikia. Siku ile aliwaambia wateja ahsante, tafadhali, na pole kwa usumbufu, nao wakatoka wakimsifu kwamba sasa amekuwa mtu mzima. Mimi nikafunga cherehani nikaenda kumngoja dada nje ya darasa lake. Nikamwambia mumeo amekuwa mpole. Akanitazama kidogo tu, akamwachia mwalimu mwenzake kipindi.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye kusema taratibu na kumtazama usoni mgonjwa, si karatasi. Shemeji aliingizwa kwenye mashine ya picha, ile inayogonga na kukoroma kama karakana ya mafundi kumi wasioelewana. Wakamchoma mgongoni wakavuta maji ya uti wa mgongo. Majibu yalipotoka daktari alituketisha watatu na kutueleza. Limfoma ilikuwa imepanda kichwani. Dawa za kwanza zilizunguka mwili wote na kuusafisha, lakini ubongo una lango lake, na dawa nyingi hubaki nje ya lango. Kilichojificha ndani kilikuwa kimeota. Sasa angepewa dawa nyingine kwa dozi kubwa sana, kubwa kiasi cha kulivuka lango, na baada yake dawa ya kuuokoa mwili na hiyo ya kwanza.

Dada akauliza kile ambacho mwalimu wa hesabu lazima akiulize, wangapi hupona kati ya wangapi. Daktari hakukwepa. Alisema zamani wengi hawakumaliza mwaka. Siku hizi mambo yanategemea dawa inaitikiwa vipi kwenye mizunguko ya kwanza. Wanaoitikia vizuri na mwili ukawa bado una nguvu, huvunwa mbegu za damu yao wenyewe, wanapigwa dozi kali ya mwisho, kisha wanarudishiwa mbegu zao ili damu ianze upya. Wanaovuka hapo, wengi wao anaendelea kuwaona kliniki miaka inayofuata, ingawa si wote. Wasioitikia, lengo hubadilika. Wanatunzwa wasiumie, basi.

"Na mtajuaje kama ameitikia?" dada akauliza.

"Picha itatuambia," daktari akasema. "Na yeye mwenyewe atatuambia. Nitakuwa namuuliza maswali."

Shemeji, aliyekuwa amekaa kimya na mikono juu ya mapaja, akasema ahsante sana, daktari. Mimi na dada tukatazamana.

Dawa yenyewe ilikuwa ya njano, njano ya kung'aa, ya kitambaa ambacho ningemkataza mteja kukinunua. Ilining'inia kwenye chuma chake ikishuka taratibu, na pembeni yake mfuko wa maji, na mwingine, na mwingine. Maji yale ni ya kuisukuma dawa itoke kwenye figo, kwa hiyo kila alipokwenda haja ndogo nesi alikuja na kikaratasi, akachovya, akasoma rangi, akaandika. Mdomo ulijaa vidonda. Alilala sana. Lakini alipoachiwa arudi nyumbani kupumzika kabla ya mzunguko wa pili, jambo likatokea. Dada alikuwa mezani na rundo la madaftari, kalamu nyekundu mkononi. Shemeji akamtazama kutoka kwenye kiti chake, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Wewe unasahihisha madaftari. Wenzako kule wanasahihisha mkojo. Na mimi nimefaulu kila mtihani."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Dada hakucheka, lakini kalamu ilisimama. Ulikuwa mzaha mpya kabisa, haujawahi kumtoa mtu na kochi. Nilikwenda nao karakana nikauning'iniza kama bendera.

Tukaamua, basi, kwamba dawa inafanya kazi na kilichobaki ni kuisaidia. Nesi alikuwa amesema anywe maji. Mimi nikiambiwa jambo na nesi nalifanya mara tatu. Nikaweka mtungi kando ya kiti chake, nikawa kila nikipita namjazia bilauri na kumwambia kochi likavu hushika moto. Yeye naye, kwa unyonge wa ugonjwa, akanywa kila alichopewa. Dada aliuliza mara moja kama si mengi. Nikamwambia aache kunisahihisha.

Siku ya kurudi wodini, daktari akaja na maswali yake. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda, dada kichwani, nesi akifunga mkanda wa kupimia presha.

Daktari akamwuliza leo ni siku gani na tarehe ngapi. Shemeji akamkazia macho. "Daktari, anayeuliza tarehe ni mtu anayesubiri mshahara."

Nesi akacheka, mkanda ukamponyoka. Daktari akatabasamu, akamwonyesha dada, akauliza huyu ni nani. Shemeji akashusha pumzi ndefu. "Huyu ndiye mwenye nyumba. Mimi ni mpangaji, na kodi nalipa kwa kunyamaza."

Nikajua tumeshinda. Sponji amerudi. Daktari akamwomba ahesabu kurudi nyuma kutoka mia moja, akipunguza saba saba. Shemeji akasema yeye amezoea kwenda mbele, wanaorudi nyuma ni madereva wa malori.

Wodi nzima ikacheka, hata mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekuwa amejifunika shuka gubigubi. Daktari akaandika, akashukuru, akasema damu ichukuliwe na kesho apelekwe kwenye picha. Tulipotoka kwenye korido nilikuwa karibu kucheza. Dada alisimama amekumbatia mkoba wake.

"Hajajibu," akasema.

Nikamwuliza hajajibu nini. Akasema hajajibu hata swali moja. Nikamwambia yeye tangu azaliwe ana kinyongo na kicheko, kwamba mume wake alipougua alikuwa mpole na sasa amekuwa mkorofi, anataka dalili gani zaidi, aletewe na ngoma? Akasema tena, bila kupandisha sauti, kwamba hajajibu. Nikamwacha hapo na mkoba wake nikashuka ngazi za kutokea, nimekasirika kwa niaba ya furaha yangu.

Karakana niliikuta na kinyozi ndani. Kochi lake lilikuwa bado limekaa katikati, limeshapata mguu wa nne na kitambaa chote, mimi mwenyewe nilimalizia kufunga springi za upande wa kushoto na kupigilia. Lilikuwa zuri. Lakini lilikuwa halijachekewa, na mwenye kulichekea alikuwa hospitali, na kinyozi, licha ya kulalamika kwamba wateja wake wanasubiri wamesimama kama foleni ya maji, hakuwahi hata siku moja kudai kulichukua hivihivi. Alikuja tu kulikalia kidogo na kuuliza hali.

Nikamwambia akae vizuri, nina habari. Nikamsimulia yote, daktari, nesi, mkanda. Nikatoa ule wa mshahara kwa sauti ya shemeji mwenyewe. Nikatoa ule wa mpangaji. Nikamalizia na malori.

Kochi halikutikisika.

Kinyozi alikuwa anatabasamu, ndiyo. Alitabasamu vizuri kabisa, kichwa ameinamisha upande, mikono magotini. Kwa adabu. Nikamwuliza mbona hacheki. Akajikuna shingo kwa aibu. "Ni tamu, Sindano," akasema. "Ila hiyo ya malori niliisikia hapahapa. Si ndiyo ya yule dereva mwenye kochi la ngozi?"

Ndiyo hiyo hasa. Kochi la ngozi la kahawia, lilipita mlangoni kwa ubavu. Na ule wa mshahara ulitoa kiti cha kwanza cha karani wa posta, kabla ya kile cha maua miguu juu. Na wa mpangaji ulikuwa wa seti ya bibi mmoja mwenye nyumba za kupangisha, aliyecheka mpaka springi ya katikati ikalia tukalazimika kuifungua upya. Yote mitatu nilikuwa naijua kuliko mtu yeyote duniani, na nilisimama pale miguuni pa kitanda nikacheka kama mgeni.

Shemeji hakuwahi kurudia mzaha. Mgonjwa yule alikuwa amerudia mitatu, tena papo hapo.

Kinyozi akaniuliza kama nimemeza pini. Nikamwambia hapana. Nikavuta kipande kilichobaki cha kitambaa chake, ile buluu yenye sahani, nikakaa kwenye cherehani. Nilitaka kuwa na hakika kama bado anaweza kutunga mzaha mpya. Nilijishonea gauni. Si gauni la kusema, ni mfuko wenye mikono, kitambaa kizito cha kochi kinachosimama chenyewe bila mtu ndani, ua moja zima juu ya tumbo na jingine makalioni. Asubuhi nikalivaa nikaenda nalo hospitali. Mlinzi wa getini alinisalimia kwa heshima ya ajabu, labda alidhani ni dini mpya.

Dada alikuwa ameshafika. Aliniona, akafungua mdomo, akaufunga. Nikaenda mbele ya kitanda nikageuka mara moja, polepole, gauni likigeuka nyuma yangu baadaye kidogo.

Shemeji akanitazama. Namjua. Mtu huyu aliwahi kunichokoza wiki nzima kwa sababu ya kifungo kimoja. Nilisimama nikiwa nimemletea ng'ombe mzima mlangoni, amechinjwa na kuchunwa.

"Umependeza, shemeji," akasema.

Nikakaa kitandani kwake. Nikamshika mkono nikamwuliza taratibu leo ni siku gani. Akaanza, "Anayeuliza tarehe..." Nikamwambia huo ni wa karani wa posta. Nikamwambia jana alitoa na wa dereva na wa bibi wa nyumba. Macho yake yakaenda kwa dada, yakarudi kwangu, na nikaona hofu ambayo sikuwahi kuiona kwake hata siku ya majibu ya kwanza.

"Usimwambie daktari," akasema.

Maneno yalitoka kwa tabu, akiyatafuta moja moja. "Maswali yanakuja haraka, Sindano. Nachukua kilicho karibu na mkono. Mizaha iko mezani. Majibu yako kabatini, na kabati silioni." Akanikaza mkono. "Nikisema sijui, wataandika kwamba dawa imeshindwa. Wataniacha."

Sasa hapo ndipo nilipobanwa. Akinyamaza, na mimi nikanyamaza, pengine picha ingetoka nzuri na mambo yangeendelea. Nikisema, pengine ningekuwa ndiye niliyemfungia mlango. Nilimtazama dada. Dada hakunisaidia. Alikuwa ameshika ncha ya shuka anaikunja, anaikunjua.

Nikainuka. Nikamwambia shemeji kwamba kochi lenye springi mbovu yeye mwenyewe hajawahi kuliacha litoke, hata mteja akilia machozi. Kwa hiyo anisamehe, halitoki.

Sikufika mbali. Daktari alikuwa anakuja koridoni na karatasi mkononi, akasimama kulisoma gauni langu kutoka juu mpaka chini, akaamua lisimhusu. Nikamwambia yote, pale pale ukutani. Kwamba yale ya jana hayakuwa majibu, yalikuwa mizaha ya zamani ya kuficha kwamba hajui. Kwamba mzaha wake mpya wa mwisho ulikuwa siku za mwanzo alipotoka wodini, ule wa kusahihisha mkojo, na huo ulikuwa wa akili timamu kabisa. Baada ya hapo hakuna kipya.

"Kwa hiyo alikuwa amepata nafuu, halafu akashuka," daktari akasema.

Nikasema ndiyo, nimegundua jana.

Akainua ile karatasi. Alisema alikuwa anakuja kutuuliza jambo, maana maswali yake ya jana aliona hayajajibiwa, na majibu ya damu yameingia sasa hivi. Chumvi ya damu ilikuwa imeshuka sana. Ugonjwa wa kichwani unaweza kuharibu namna mwili unavyotunza maji, na ukiongeza maji juu yake, chumvi inazidi kuzimuka, na ubongo unaanza kuteleza. Akauliza, nyumbani anakunywa maji kiasi gani?

Nilitazama maua ya tumboni kwangu. Nikasema mtungi. Akauliza kwa siku nzima? Nikasema ni bilauri kila nikipita, mtungi ukiisha naujaza tena, na mimi napita sana.

Dada, aliyekuwa amenifuata koridoni, hakusema neno. Namshukuru kwa hilo mpaka leo, ingawa pua yake ilisema.

Daktari aliingia, akavuta kiti akakaa karibu na shemeji. Alimwambia hamfukuzi mtu kwenye dawa kwa kusahau Jumanne. Kuchanganyikiwa kuna sababu nyingi, nyingine ni ugonjwa, nyingine ni dawa, nyingine ni shemeji mwenye mtungi. Lakini hawezi kuitafuta sababu akifichwa. Wangechelewa siku mbili tatu, mgonjwa angeweza kupata degedege. Tangu sasa akiulizwa, ajibu kwanza, au aseme sijui. Mzaha uje baadaye. Shemeji akasema ahsante, na safari hii ahsante ile ilikuwa na machozi.

Walimpunguzia maji, wakampa chumvi kwa mshipa polepole, kwa sababu nayo ikipandishwa haraka inaumiza. Wakampeleka kwenye picha. Daktari alituita kutuonyesha, mabaka meupe ya mwanzo upande mmoja wa kioo na ya sasa upande mwingine. Sihitaji udaktari kupima kitambaa kwa macho. Yalikuwa yamepungua zaidi ya nusu, moja lilikuwa limebaki kama alama ya chaki iliyopanguswa vibaya. Daktari alisema ndivyo anavyotaka kuona katika hatua hii. Ameitikia. Sasa akili nayo irudi, ndipo waendelee.

Gauni nililivaa tena kesho yake. Na keshokutwa. Dada aliniomba nisiende nalo, manesi walianza kuniita Bi Kochi, mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ananingoja kama sinema. Nililifua usiku, likakauka limesimama. Kila asubuhi niligeuka mara moja mbele ya kitanda, na kila asubuhi aliniambia nimependeza, nikaketi.

Kisha ikaja asubuhi moja nikaingia, nikageuka, nikasubiri. Shemeji alikuwa ameegemea mto, uji haujaisha mkononi. Alinitazama muda mrefu. Nikaona kitu kinatembea nyuma ya macho yake, kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta swichi.

"Shemeji," akasema, "kinyozi ana habari kwamba kochi lake limeanza kutembea lenyewe?"

Mimi nilikuwa nauchunguza mzaha ule, nautafuta kwenye makochi yote tuliyowahi kuyatoa, la ngozi, la bibi, viti vya posta, seti za harusi. Haukuwepo. Na ndani yake mlikuwa na kinyozi, na kitambaa, na mimi, na siku ya leo.

Sauti iliyotangulia haikuwa yangu. Dada alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na alianzia puani, akajaribu kuizuia kwa kiganja, ikampita. Dada yangu alicheka. Alicheka mkoba ukaanguka, kalamu nyekundu zikatawanyika sakafuni, alicheka huku analia, akiinama na kuinuka, na kitanda cha hospitali kikapiga kelele chini yake kama mlango wa ghala.

Shemeji akasikiliza, kidole juu.

"Springi mbovu," akasema. "Nani kakipitisha hiki?"

Yaliyofuata hayakuwa ya kucheka sana, nitayasema kwa ufupi. Mizunguko mingine ya dawa ya njano. Kisha kuvunwa mbegu za damu, akiwa amefungwa kwenye mashine akilalamika kwamba anakamuliwa. Kisha dozi kali ya mwisho, iliyomlaza mpaka tukamwongelesha kwa kumgusa vidole. Mbegu zake zilirudi kwenye mfuko mdogo ambao dada alidhani ni wa majaribio. Kwa muda tulimwona kupitia kioo tu. Damu ikaanza upya, polepole. Alitoka na kichwa kinachong'aa, mwendo wa mzee, na mkono wa kushoto usioshika msumari sawasawa. Majina ya vitu humkimbia mara kwa mara, nyundo akaiita "ile ya kugongea". Daktari alisema mengine yatarudi na mengine pengine hayatarudi. Alisema pia kwamba miaka miwili ya mwanzo ndiyo ya kuiangalia kwa macho mawili. Picha ya mwisho ilikuwa safi.

Daktari akamwuliza leo ni siku gani. Shemeji akajibu kwanza, siku na tarehe, sahihi. Halafu akamwambia daktari aliyemwuliza kila mara swali lilelile kwamba kama bado hajaishika tarehe, yeye atamwandikia.

Siku aliyorudi karakana, kinyozi alifunga duka. Alikuja amevaa koti la kazi, mfukoni chanuo, akakaa katikati ya kochi lake la buluu akanyoosha mgongo. Wateja wake wawili walimfuata kushuhudia. Dada alisimama mlangoni, madaftari kwapani. Mimi nilikuwa nimelivaa gauni, kwa heshima ya siku. Ukituangalia mimi na kochi ungesema ndugu.

Shemeji akasimama mbele ya kinyozi, kichwa chake kinaakisi taa. Alichukua muda wake. Tulianza kuogopa kidogo, wote, kimya kimya.

"Jirani," akasema, "mimi na wewe tuna kesi. Wewe kazi yako ni kukata nywele, umeacha wenzako wa hospitali wakamaliza kichwa kizima. Sasa unakuja kukaa hapa kwangu na chanuo. Unataka kuchana nini?"

Kinyozi alipasuka. Alipiga magoti yake, akajitupa nyuma, akajitupa mbele, wateja wake wakashikana mabega, na dada, ambaye sasa amezoea ubaya, akacheka tena kule mlangoni. Na katikati ya zogo lile, kwenye pembe ya kushoto, ikasikika: nyiii.

Shemeji akainua kidole. Tukanyamaza. Akamwomba kinyozi acheke tena kidogo, kinyozi akacheka, na pembe ya kushoto ikalia tena, wazi kabisa.

Akageuka akaniangalia. Springi za upande wa kushoto nilizifunga mimi.

"Halitoki," akasema.

Kinyozi akafunika uso kwa chanuo. Akalalama kwamba amemngoja shemeji, amengoja ugonjwa, amengoja mbegu za damu, wateja wake wameota miguu ya kusimama. Shemeji hakumsikiliza. Alikuwa ameshapiga goti moja, sikio kwenye kitambaa, mkono wa kulia unapapasa chini ya fremu, ule wa kushoto umening'inia nyuma yake unangoja kitu.

"Sindano," akasema, "nipe ile ya... nipe nyundo. Na uvue hilo kochi jingine, tutahitaji kitambaa."

Nikampa nyundo. Gauni nikakataa.